Saa ya Babu wa Kina

Tajiri wa Mabati alikuwa na ghala, malori, jino la dhahabu na kiyoyozi kinachofanya wageni waombe koti, lakini hakuwa na babu. Tuelewane hapo. Babu alikuwa naye kama sisi sote, tena wawili, wa kwa baba na wa kwa mama. Ila hakuwa na babu wa kuonyesha watu, na jambo hilo lilianza kumnyima usingizi tangu binti yake alipochumbiwa na mtoto wa jaji mstaafu.

Siri hiyo ilimfikia Marashi akiwa kwenye kiti cha kinyozi, uso umejaa povu. Kiti cha pili alikaa Tajiri, anaongea na mkewe kwenye simu kwa sauti ya mtu aliyezoea kushindana na mabati yanayopakuliwa.

"Umeona sebule yao, mama watoto? Babu yuko ukutani, kavaa suti. Kiti cha babu. Fimbo ya babu. Hata kijiko cha kukorogea chai, eti cha babu. Jumamosi wakija kwetu watashika nini? Sofa la juzi?" Akasikiliza kidogo. "Hapana, marehemu baba tumwache apumzike. Baba alisukuma mkokoteni. Siwezi kuweka mkokoteni sebuleni."

Chini ya povu, Marashi alitabasamu mpaka kinyozi akasimamisha wembe.

Huyu Marashi jina lake la cheti alilijua mama yake na polisi. Mtaa ulimwita Marashi kwa sababu mbili. Kwanza, alinukia vizuri. Pili, ukidhani umemshika huna kitu mkononi, unabaki na harufu tu. Hakuwahi kuvunja mlango wa mtu wala kumwekea mtu kisu. Alikuwa na ulimi, na aliutunza kuliko mfugaji anavyomtunza ng'ombe wa maziwa. Na kanuni yake ilikuwa moja: usimuuzie mtu kitu anachokihitaji, maana atauliza bei; muuzie kile anachokionea aibu kukikosa.

Kutoka kwa kinyozi akaenda moja kwa moja kwa fundi saa, kwenye kibanda chenye meza ya kioo, ambako siku chache kabla alikuwa ameona kitu.

"Ile saa nene bado ipo?"

Ipo. Fundi akaitoa na kuiweka juu ya kitambaa. Ilikuwa saa ya wapiga mbizi, kubwa, kioo kimetuna, pembeni ina pete yenye meno ambayo unaweza kuizungusha kwa vidole. Usoni haikuwa na jina, nanga ndogo tu. Alama za saa zilikuwa za njano iliyofifia kama meno ya mvuta tumbaku, na mkanda wake ulikuwa wa turubai. Haikutumia betri. Ilikuwa ya kamani, ile springi ya ndani, mkono ukitikisika inajijaza yenyewe.

"Ya zamani sana hii," Marashi akasema.

"Ya mwaka huu," fundi akamjibu. "Imetengenezwa ionekane ya zamani. Hata hiyo njano ni ya kiwandani. Saa yenyewe nzuri, sisemi uongo, ndani chuma ni chuma. Ila soma hiki kijitabu chao ucheke."

Kijitabu kilikuwa na picha za wanaume wenye ndevu waliosimama juu ya meli, na maneno mazito kuhusu urithi, kina cha bahari, na mababu walioshika bisibisi kwa mikono iliyopasuka kwa baridi. Fundi akaeleza kwamba kampuni ni ya vijana wa juzi. Walikuta kampuni nyingine imekufa siku nyingi, wakanunua jina lake, picha zake na wapiga mbizi wake wote, kisha wakaandika "sisi na babu zetu."

"Yaani walinunua babu," Marashi akasema taratibu.

"Unaweza kusema hivyo."

"Na watu wananunua?"

"Wanapanga foleni."

Hapo Marashi akakisoma kijitabu tena kutoka mwanzo. Alikuwa ameishi mjini miaka yote hiyo akidhani yeye ni tapeli, kumbe kuna wenzake wana ofisi, wana nembo, na wanatoa risiti.

Tatizo lilikuwa bei ya saa. Marashi hakuwa nayo. Ila alikuwa na mchumba, na mchumba alikuwa na cherehani.

Mchumba huyo alikuwa fundi nguo, mtaani wanamwita Sindano, kwa kazi yake na kwa mdomo wake. Uchumba wao ulikuwa umekaa muda mrefu kiasi kwamba watoto waliozaliwa baada ya pete kuvishwa walikuwa wameshaanza shule. Kila mwaka Marashi alikuwa na sababu, na kila sababu ilikuwa tamu. Safari hii alibeba cherehani begani akisema anaipeleka kutiwa mafuta. Jioni akarudi na saa mkononi.

Sindano aliitazama ile meza yake tupu. Cherehani ile ndiyo iliyomlipia chumba, ndiyo iliyomsomesha mdogo wake, na wiki hiyo ilikuwa na sare za shule nzima za kumaliza.

"Umeiuza," akasema.

"Nimeipanda, mpenzi. Kama mbegu. Jumamosi nakurudishia ya umeme, mpya, na chumba cha duka chenye mlango wa barabarani. Jumapili tunakwenda kwa shangazi yako kutaja siku ya ndoa. Nikikosa safari hii, nikuvue pete mwenyewe."

"Ukikosa, nitaivua mimi." Akachukua sare na kuanza kushona kwa mkono, kwa hasira, akijichoma vidole. "Haya. Niambie hiyo hadithi, nijue cherehani yangu imegeuka nini."

Hii ndiyo ilikuwa desturi yao. Marashi hakuwahi kupeleka uongo mpya mjini kabla ya kumpimia Sindano, kama vile mteja anavyopimiwa gauni kabla halijapigwa pindo. Alisimama katikati ya chumba, akasema, na Sindano akimkata pale hadithi ilipobana au kupwaya. Kwa hiyo wapiga mbizi wenye ndevu wakahamishwa kutoka nchi ya baridi wakaletwa nyumbani, maana uongo wa nyumbani hauhitaji pasi ya kusafiria, na akazaliwa Babu wa Kina.

Babu wa Kina alikuwa mpiga mbizi, akitafuta lulu. Alikuwa na mdogo wake ambaye walikuwa wakipiga mbizi pamoja. Siku moja mdogo mtu alizama asirudi, kwa sababu chini ya maji hakuna jua wala kivuli, mtu hajui pumzi imebaki kiasi gani. Babu akaapa. Akajifunza ufundi wa saa, akatengeneza saa ya kuingia majini yenye pete ya kuhesabia pumzi, akawapa jamaa zake tu, hakuuza hata moja. Nyingine zote zilizama na wenyewe. Imebaki hii.

"Alikuwa na watoto?" Sindano akauliza.

"Binti mmoja. Alipotea."

"Alipoteaje?"

"Sijui. Kitu kikipotea bei inapanda."

"Mwache apotee basi," akasema, akakata uzi kwa meno. "Na mdogo wake yule, mwili ulionekana?"

"Haukuonekana."

"Vizuri. Msiba usio na kaburi haushonwi ukaisha."

Mwishoni Marashi akafungua mfuniko wa nyuma wa saa kwa kifaa alichoazima kwa fundi, akaomba sindano nene, na juu ya meza ile ile ya cherehani akachora ndani ya mfuniko samaki mdogo. Samaki huyo hakutaka kumtaja kwa Tajiri mapema. Alikuwa akiba yake, wa kutolewa siku ya mwisho kama mteja ataanza kusitasita.

Kesho yake akaenda ghalani kuulizia bei ya mabati. Kuulizia tu. Mkono wenye saa aliuweka mezani, akausahau hapo.

"Saa gani hiyo?" Tajiri akauliza.

"Hii? Achana nayo mheshimiwa. Ya mtu."

"Ya nani?"

"Ni hadithi ndefu, nawe una kazi."

Ukimwambia tajiri ana kazi, anaacha kazi. Hadithi ikatoka yote, na ilipofika pale kaka mtu anakaa juu ya chombo akiyatazama maji, Marashi mwenyewe alitoa leso. Tajiri alikuwa ameshika tama.

"Niuzie."

"Haiuzwi. Vitu vya ukoo haviuzwi. Mimi ni mtunzaji tu, ukoo huo nimeuchunguza miaka."

"Kila kitu kinauzwa. Mimi nimeuza hata mabati yaliyotoboka." Akasogeza kiti. "Sikiliza. Nataka iwe ya babu yangu."

"Kwani babu yako alikuwa mpiga mbizi, mheshimiwa?"

"Sasa mimi nitajuaje? Mwenye hadithi ni wewe."

Basi wakaelewana, kama waungwana. Tajiri akatoa nusu papo hapo, nusu nyingine ikabaki ya Jumamosi asubuhi, siku ya ugeni. Marashi akatoka ghalani akiwa mnyonge wa kuigiza mpaka alipokata kona, na baada ya kona akatembea kama mtu mwenye mabawa.

Sasa tufike mahali pachafu. Mkono wa mtu ukishika kitu kizito, akili yake huwa nyepesi. Marashi alipoanza safari ya kurudi nyumbani alikuwa na nia ya kununua cherehani. Naapa alikuwa nayo. Ila njiani kulikuwa na duka la viatu. Baada ya duka la viatu kulikuwa na kituo cha mabasi yaendayo mbali, na pale kituoni akawaza kwamba mwanamume mwenye kipaji kama chake kukaa mji mmoja na mke mmoja na mlango mmoja wa barabarani ni kumnyima Mungu shukrani. Akanunua tiketi ya Jumamosi mchana.

"Katoa chochote?" Sindano akamuuliza.

"Hata senti, mpenzi. Mabahili hawa. Atatoa yote Jumamosi."

Sindano aliangalia viatu. Vilikuwa vyekundu, na nyayo zake zilikuwa bado na ule mng'ao wa dukani.

"Na viatu?"

"Nimeazimwa. Kwa ajili ya kazi."

Sindano akatunga uzi mpya. Akaendelea na sare. Wanaomjua Sindano wangekuambia kwamba akinyamaza ndipo uanze kufunga virago, lakini Marashi, mjanja wa wajanja, alilala fofofo.

Jumamosi asubuhi ofisi ya ghala ilikuwa imefagiliwa. Tajiri alikaa na kanzu mpya. Fundi saa alikuwa ameitwa athibitishe, na kwa kuwa Marashi alikuwa ameshampa chake, alikuwa amesahau kabisa kama aliwahi kuiona saa ile. Mlangoni walisimama wapakiaji wawili wenye mabega ya kubebea mabati. Marashi alipokuwa anafungua mkanda wa turubai polepole kama padri kwenye misa, mlango ukagongwa.

Akaingia mwanamke mwenye gauni jeusi na mtandio mweusi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti. Tukusaidie nini?"

"Nimesikia hapa kuna saa. Mimi ni mjukuu wa Babu wa Kina."

Marashi alihisi fahari kwanza. Akawaza, mwanamke huyu ananipenda, amekuja kunipandishia bei. Fahari hiyo ilidumu hadi alipogundua kwamba Sindano hamtazami.

Akakaa, akasema. Mama yake ndiye yule binti aliyepotea. Hakupotea, aliolewa mbali, na wenye wivu wakasema amepotea. Babu alikufa mikononi mwa mama huyo. Alikuwa na kikohozi cha chumvi kisichopona, na hakuwahi tena kuoga kwenye beseni tangu siku ya mdogo wake, alikuwa anajimwagia kwa kopo, kwa sababu hakutaka kuona maji yametulia. Saa iliachwa kwenye sanduku la mama. Siku ya msiba wa mama watu walikuwa wengi, na jioni sanduku lilikuwa tupu.

Tajiri alikuwa anafuta macho. Na Marashi pia, jamani. Alimjua Babu kuliko mtu yeyote duniani, maana alimzaa yeye mwenyewe. Lakini hayo ya kopo hakuwa anayajua.

"Yaani imeibwa?" Tajiri akasema, na wapakiaji wakasogea hatua.

"Fungueni nyuma," akasema Sindano. "Ndani ya mfuniko kuna samaki. Babu alimchora kwa sindano ya bibi. Hakuna aliyewahi kumwona ila sisi wa nyumbani."

Tajiri akamgeukia Marashi. "Uliwahi kuniambia habari ya samaki?"

"Hapana," Marashi akasema. Na kwa mara ya kwanza katika ofisi ile alikuwa amesema kweli.

Fundi saa akafungua. Samaki alikuwepo. Tajiri akakunja mikono juu ya meza.

"Wewe ndiye mtaalamu wa ukoo huu," akamwambia Marashi. "Umeniambia umeuchunguza miaka. Mtazame huyu dada. Ni mjukuu wake au si mjukuu wake?"

Naomba msomaji amhurumie kidogo. Ukimwacha Sindano mwenyewe, mtu mmoja tu duniani alikuwa na uhakika kwamba mwanamke huyu si mjukuu wa Babu wa Kina, na mtu huyo ndiye asiyeweza kusema. Akisema hakuna mjukuu, ataulizwa amejuaje. Akisema hakuna Babu, wapo wale wawili wa mlangoni. Marashi akainua macho, akamtazama mchumba wake kama daktari anavyomtazama mgonjwa.

"Ndiye," akasema kwa sauti iliyokauka. "Zile kope. Kope za Babu zile."

"Basi wewe uliuziwa mali ya wizi, au uliiba. Lipi kati ya hayo?"

"Niliuziwa, mheshimiwa. Sikujua."

"Toa nusu yangu."

Hakuitoa haraka, wakamsaidia. Mifukoni mwake kukatoka kitita kilichopungua bei ya viatu, kitana, kichupa cha manukato, na karatasi ndogo. Mpakiaji akavitandaza mezani. Sindano akaichukua ile karatasi, akaisoma.

Tiketi ya basi. Ya mchana huo. Ya mtu mmoja.

Sasa nikwambie alikuja na nia gani. Alikuja kumtisha. Apate bei ya cherehani, amwone Marashi akitoka jasho, kisha nyumbani wacheke mpaka machozi, na Jumapili waende kwa shangazi. Hata maneno ya kumsamehe alikuwa ameshayapanga njiani, mwanamke wa watu. Tiketi zingekuwa mbili, angeyasema. Ilimuuma, na haikumuuma kidogo. Akaikunja ile karatasi vizuri, akairudisha kwenye mfuko wa shati la Marashi, akaupiga kidogo kwa kiganja kama fundi anavyolainisha kola.

Halafu akamgeukia Tajiri.

"Dada," Tajiri alikuwa anamwambia, "jaji anakuja mchana huu. Niuzie. Taja unachotaka."

"Babu hauzwi, mzee. Anarithiwa."

"Mimi nitamrithi vipi, na si wa ukoo?"

"Umejuaje kama si wa ukoo?" Sauti yake ilikuwa ya upole sana. "Babu alikuwa na mdogo wake aliyezama. Mwili wake haukuonekana. Mtu asiyeonekana amekufa huku, anaweza kuwa ametokea ufuo mwingine, akaoa, akazaa mtoto wa kiume. Marehemu baba yako alikuwa anafanya kazi gani?"

Tajiri akatazama chini. Wapakiaji walikuwepo, fundi saa alikuwepo. Akasema kwa tabu. "Alisukuma mkokoteni."

"Mtoto wa aliyenusurika hachagui kazi. Na baba yako alipenda maji?"

"Aliyaogopa," Tajiri akasema. "Aliyaogopa sana. Hata mvua."

"Si unaona."

Basi mzee mzima akalia. Nataka niwacheke wote humu ndani, ni haki yangu kama msimulizi, ila machozi yale hayakuwa ya kuigiza. Miaka yote alikuwa amemficha baba yake kama kidonda, na sasa amepewa ruhusa ya kumtaja. Akafungua sanduku la chuma lililokuwa nyuma yake. Akatoa nusu yake iliyobaki, akaongeza juu yake ile aliyomnyang'anya Marashi, kisha akaongeza tena, ya kufuta machozi ya ukoo, na vyote akavisukumia upande wa dada yake mpya. Viatu vyekundu wapakiaji walivichukua wao kwa usumbufu waliopata. Basi la mchana liliondoka na kiti kimoja kitupu.

Ugeni ulifana. Tajiri alikunja mkono wa kanzu, akasimulia kuanzia lulu mpaka mkokoteni, na hakuruka kitu. Jaji mstaafu alisikiliza kwa makini aliyozoea mahakamani. Kisha akaweka kikombe chini, akatikisa kichwa polepole.

"Babu wa Kina," akasema. "Marehemu babu yangu alikuwa akimtaja sana."

Ndoa ya binti ikapita.

Marashi alipotea mtaani kwa muda, akaishi kwa jamaa zake, mmoja baada ya mwingine, mpaka wakaisha. Siku moja akatokea kwenye duka jipya la ushonaji, lenye mlango wa barabarani na cherehani ya umeme inayonguruma. Alikuwa amevaa kandambili. Sindano alikuwa anapiga pindo la pazia, pete hana kidoleni. Hakusimamisha kazi.

"Nimekuja tuzungumze kama watu wazima," Marashi akasema. "Hadithi ilikuwa yangu."

"Na cherehani ilikuwa yangu."

Akasimama pale akitafuta neno tamu. Yote aliyoyapata alikuwa ameshampimia huyu huyu, miaka mingi, katika chumba kile.

"Sasa mimi niende wapi?"

"Ile tiketi ilikuwa ya kwenda wapi?"

Marashi akautaja mji.

"Nasikia ni mji mzuri," Sindano akasema, akageuza pazia upande wa pili, akakanyaga.